Hukujua Kama Namba Ile ni Yetu

Sogeeni karibu, wanangu, mlango muurudishe lakini msiufunge kabisa, maana nataka hewa ipite, na wewe mkwe wangu usikae huko pembeni kama mgeni aliyekuja kutoa pole, vuta kile kigoda ukae hapa miguuni pangu nikuone. Daktari ametoka hapa asubuhi, nami nimesikia alivyokuwa akinong'ona nanyi kule ukumbini. Masikio haya yamenilisha maisha yangu yote kwa kusikiliza sauti za watu, na ndiyo kitu pekee mwilini mwangu ambacho hakijazeeka. Basi msinifiche neno, wala msijilazimishe kucheka. Nayajua yaliyo mbele yangu, na nawaambia nikiwa na akili zangu timamu kwamba moyo wangu ni mweupe. Nimeshusha pumzi niliyokuwa nimeibana kwa miaka. Kama ningeitwa kabla ya ile siku ya bafuni ningeondoka nimekunja uso, lakini leo naondoka mwepesi kama mtu aliyetua mzigo akanyoosha mgongo. Nisikilizeni mpaka mwisho. Anayetaka kulia alie taratibu, mwenye swali alishike kwanza, kwa sababu pumzi niliyonayo ni ya kusema mara moja tu.

Kwanza nataka mjue kazi hii mnayoirithi ilitoka wapi, maana ninyi mliikuta inatembea. Nilikuwa operata wa swichibodi katika hoteli kubwa, nimevaa vile vidude vya masikioni kutwa nzima, naunganisha watu nisiowaona na watu nisiowajua, na siku hoteli ilipofungwa wote tulimwaga unga asubuhi moja, kuanzia meneja mpaka mfua mashuka. Nikarudi nyumbani nikamkuta baba yenu, Mungu amrehemu, fundi bomba hodari wa mikono lakini mzito wa mdomo, analipia tangazo gazetini mwezi hadi mwezi, tangazo lenye picha ya bomba linalong'aa, na simu yake imelala mezani kimya kama kipande cha sabuni. Nikamwuliza kwa nini analipia karatasi. Akasema mafundi wote wanafanya hivyo. Lile jibu halikunikaa tumboni. Nilikuwa nimekaa miaka yote ile upande wa pili wa waya, najua kwamba mtu anapoinua simu tayari ana shida mkononi, anataka sauti ya kumjibu, hana haja na picha ya bomba.

Ndipo nikawaendea mafundi mmoja mmoja, kwenye vibanda vyao na kwenye ngazi za majumba waliyokuwa wakiyatengeneza, nikawaambia hivi. Tangazo nitaliweka mimi kwa gharama yangu, na namba itakayoandikwa pale ni yangu. Mtu akipiga nitapokea, nitamsikiliza, na nikiona ana shida ya kweli ambayo mkono wako unaiweza, nitamuunganisha nawe mzungumze wenyewe. Hapo ndipo utanilipa, kwa ile simu. Simu isipolia hunilipi kitu, hasara ni yangu. Wengi walinicheka. Mmoja aliniuliza kama nimekuwa dalali wa hewa. Wa kwanza kukubali alikuwa huyu Komeo aliyekaa hapo ukumbini sasa hivi, anayejifanya amekuja kutazama kitasa cha mlango wangu kumbe amekuja kuniaga. Fundi kufuli huyu alinijibu huku mashine yake ya kuchonga funguo inapiga kelele, sikusikia alichosema, nikaona tu anatikisa kichwa kwamba sawa.

Tukapanga kile chumba cha juu ya duka la vipuri, chenye ngazi ya chuma inayolia kila mtu anapopanda. Kila tangazo nikalipatia namba yake. Ukuta wa sokoni namba yake, redioni namba nyingine, vikaratasi vya kugawa nyingine tena, na zote zikawa zinaishia kwenye meza yangu, ili simu ikilia nijue ni tangazo gani limeniletea mtu na ni lipi linanila bure. Ninyi mmekuta kompyuta inafanya hesabu hiyo, mimi niliifanya kwa simu zilizopangwa mstari, kila moja nimeibandika plasta ya rangi yake. Na nikajiwekea sheria ambayo sijawahi kuivunja: aliyekosea namba, anayeuliza bei kwa udadisi, aliye mbali fundi hawezi kumfikia, huyo fundi hamlipii. Fundi analipia mtu mwenye shida aliyezungumza naye wakaelewana. Kwa sheria hiyo ndogo mlisoma, na kwa sheria hiyo nyumba hii ilipata paa.

Sasa nakuja kwako, mkubwa wangu. Usiinamishe kichwa, sikukuita nikuseme. Nataka mambo yako yasemwe mbele ya watu wote waliohusika, yaishe, kisha msiyarudie hata nikiwa siko. Wewe ndiye uliyeitoa kazi hii ukutani ukaipeleka mtandaoni. Mimi nilikuwa bado nahangaika na wapaka rangi wa matangazo ya ukutani, wewe ukaniambia, mama, siku hizi mtu bomba likipasuka hatoki nje kutafuta ukuta, anaitoa simu mfukoni anaandika shida yake, na tangazo letu linatakiwa liwe palepale chini ya kidole chake, abonyeze, simu iite. Ulikuwa sahihi. Ngazi yetu ya chuma ilipata mapumziko, na simu zikalia mpaka tukaajiri watu. Nilijivunia wewe, nikawa nakutaja kila nilipokaa, hata mdogo wako, huyu binti yangu, akachoka kusikia.

Lakini akili ikizidi mwendo nayo hujikwaa. Ukaanza kuchukua simu moja na kuwapa mafundi watatu kwa mpigo, kila mmoja unamtoza kana kwamba mteja ni wake peke yake. Nisingejua, kama si yule mwalimu mstaafu aliyepanda ngazi yetu akihema, miguu imelowa, kuniambia kwamba mafundi bomba watatu wanasukumana getini kwake huku maji yanaingia sebuleni. Nilikukataza mbele ya wafanyakazi, kwa sababu ulilifanya mbele yao. Ukaniambia naendesha duka la sadaka. Ukachukua koti lako. Nikasema ngazi ile ile uliyopandia ndiyo ya kushukia. Sikukosea kukukataza, nalisema hilo leo na nitalisema huko niendako, ila sikujua kwamba utashuka kweli na kukaa huko chini miaka yote ile. Ulioa, nikasikia kwa watu. Ulipata mtoto, nikamwona kwenye picha iliyokuwa ndani ya simu ya jirani, nikasema anafanana na babu yake, nikairudisha simu ya watu nikaenda zangu. Mdogo wako alikupigia, hukupokea. Mimi sikupiga. Tulikuwa wawili wenye shingo ngumu, na kila mmoja alikuwa anamngoja mwenziwe.

Mkwe wangu, wewe ulikuwa kazini siku ile, hukusikia yote, ndiyo maana naisimulia. Ilikuwa mchana, jua kali, feni inazunguka bila kuleta upepo. Nilikuwa nimeshaanza kuumwa, lakini sikutaka kubaki nyumbani natazama dari, kwa hiyo binti yangu huyu alikuwa ananibeba kwa gari asubuhi na kunilaza kwenye lile kochi la ofisini, nisikilize simu za watu kama wengine wanavyosikiliza redio. Ikaingia simu ya tangazo la vitasa na kufuli. Tangazo lile halikuwa na jina letu, lilisema tu kwamba fundi yuko karibu nawe, bonyeza upige, na namba yake ilikuwa mpya, mdogo wako aliiweka baada ya wewe, mkubwa wangu, kuondoka. Hukuwa na njia ya kujua kama namba ile ni yetu.

"Mtoto wangu yuko bafuni," ulisema. "Mlango umefungwa kwa ndani. Maji yanatoka chini ya mlango, na sasa hivi hanijibu."

Nilimwona binti yangu akiinua macho na kunitazama, rangi imemtoka usoni. Akabonyeza kitufe sauti ikatoka nje, nami nikaitambua kabla haijamaliza neno la pili, maana ile sauti niliifundisha mimi kusema. Nikadhani atakutaja jina. Hakukutaja. Alifanya kazi yake, na mpaka leo nikikumbuka alivyoifanya nasikia ubaridi mwilini.

"Mlango ni wa mbao au wa chuma?"

"Chuma. Ufunguo uko upande wake."

"Nakuunganisha na fundi sasa hivi. Huku tukingoja, toka nje ukafunge koki kubwa, ile iliyo kwenye mita, maji ya nyumba nzima yakatike. Simu usiikate."

Ulikimbia, tukasikia viatu vyako vinapiga maji. Ulisema baadaye hukumtambua dada yako, kwa sababu hukuwa unamsikiliza yeye, ulikuwa unalisikiliza bafu. Akamtafuta Komeo, si kwa undugu, ni kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mtaa uliotaja, na katika kazi hii aliye karibu ndiye anayepewa. Komeo akaingia hewani, akakusikia unataka kuupiga mlango teke.

"Usiupige," alikwambia. "Mtoto anaweza kuwa amekaa nyuma yake. Nakuja."

Akaitia simu kwenye mfuko wa shati bila kuikata, akawasha pikipiki, na sisi wawili tukasafiri naye hivyo, mimi kwenye kochi na binti yangu mezani, tunasikia upepo na honi na Komeo anaomba njia. Binti yangu alikuwa amenishika mkono. Nilikuwa najiambia kwamba mjukuu ambaye sijawahi kumbeba yuko nyuma ya mlango wa chuma, na kinachomtenganisha na sisi ni ufunguo, na kilichonitenganisha mimi na baba yake ni mdomo. Nikaahidi mambo mengi kimoyomoyo pale, mengine nimeshayatimiza.

Tukasikia pikipiki inazima. Tukasikia vyuma vyake anavitoa mfukoni, kisha kitasa kinachokonolewa, kinalia, kinanyamaza, kinalia tena. Mlango ukafunguka.

"Yuko wapi?" hiyo ilikuwa sauti yako.

"Simwoni," alisema Komeo.

Wanangu, nimezaa, nimezika mume, nimemwaga unga, lakini sijawahi kusikia neno zito kuliko lile. Binti yangu aliuachia mkono wangu akaziba mdomo wake. Halafu tukasikia kitu kama mtu anayehamisha nguo, na Komeo akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kukohoa ambacho siku zote kilikuwa kinaniudhi.

"Huyu hapa, kwenye tenga la nguo chafu. Amelala."

Alikuwa amefungua maji amwoshe mwanasesere wake, akachoka, akapanda ndani ya tenga, akajifunika taulo, akalala usingizi wa watu wenye hesabu safi, na ule ufunguo alikuwa ameuzungusha kwa sababu alimwona mama yake akifanya hivyo. Nilicheka mpaka kifua kikauma. Binti yangu alilia na kucheka kwa pamoja, akawa anafuta meza kwa kiganja, meza ambayo haikuwa na kitu.

Ukaiomba simu ya Komeo umshukuru yule dada aliyekaa nawe hewani. Binti yangu alinitazama. Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Ni mimi, kaka," akasema. "Mama yuko hapa. Amesikia yote."

Tukasikia matone yanadondoka bafuni kwako. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya kila aina, ya kujitetea na ya kuomba, nimeyapangia majibu kwa miaka. Wewe ukasema, "Mama, umekula?"

Nikasema bado. Ukasema unakuja. Ndivyo ilivyoisha, mwanangu, na hakuna mtu aliyemwomba mwenzake kitu. Ulikuja na mtoto begani, nguo zako bado mbichi mpaka magotini, ngazi ile ya chuma ikalia kwa uzito wako, nami nikaujua mguu wako kabla sijakuona. Ulinikuta na bakuli mkononi, ukaketi chini, ukasema mwenyewe, bila mimi kukuchokoza, kwamba kama simu ile ingepewa watatu wangekuja wakagombania mlango huku mtoto yuko ndani. Mwaka ule ule niliokuwa nimeuandika kuwa wa kilio ukawa wa mjukuu kuchezea miwani yangu. Na Komeo alipoleta utani kwamba simu ile ya kifamilia asitozwe, nilimwambia alipe kama nyingine, maana simu ni simu, na mteja alikuwa na shida ya kweli. Alilipa huku anacheka, tena akasema hajawahi kulipia simu akafurahi hivyo.

Mnipe maji kidogo. Hapo. Inatosha.

Sasa mgawanyo, na nitausema bila kuzunguka. Nyumba hii ni yenu wote wawili, msiiuze na msiikate kwa ukuta. Chumba hiki changu apewe mkwe wangu, pamoja na kabati na kila kilichomo, afungue mwenyewe, asisimamiwe na mtu. Mkwe wangu, ulinikuta mgonjwa ukaniosha kama aliyezaliwa na mimi, na sikukupa hata harusi. Kazi ya simu, kiti cha juu ni cha binti yangu. Yeye ndiye anayesema fundi gani anafaa kupewa mtu na yupi aondolewe. Wewe mkubwa shika matangazo, maana unajua kidole cha mtu kinakwenda wapi anapokuwa na haraka, lakini tangazo likishaleta simu, simu hiyo si yako tena, ni ya mdogo wako. Nataka uitikie hilo mbele yangu. Asante. Nimekusikia.

Ile kampuni inayotaka kununua namba zetu zote, msiiuzie mpaka ninyi wawili mmekaa meza moja mkakubaliana bila mmoja kunung'unika. Wakiwaambia ni namba tu, wajibuni kwamba watu wamezoea kujibiwa vizuri kwenye namba hizo, na hicho ndicho wanachokitaka. Msiweke tangazo la kumtisha mtu. Msiandike kwamba kitu ni bure kama si bure. Mkiona simu zimeongezeka ghafla bila sababu, kaeni mzisikilize, maana wapo wanaolipa vijana kupiga simu za uongo ili mafundi watozwe, na jina litakaloharibika ni la kwenu. Sauti za wateja zilizohifadhiwa kwenye kompyuta zisichezwe kwa kuchekesha wageni. Mtu aliyekupigia akiwa na hofu amekuvulia nguo, mstiri. Na apigaye akilia, msimharakishe. Mwulizeni mlango ni wa mbao au wa chuma. Swali dogo linalojibika humrudishia mtu akili zake. Hilo sikumfundisha binti yangu, alilijua mwenyewe, na nililijifunza kwake nikiwa nimelala kwenye kochi.

Sidaiwi na mtu, na mtu akija kusema namdai, mwambieni nimesamehe. Yule aliyeniita dalali wa hewa alikuja kuwa fundi wetu wa umeme, mpeni taarifa, asikie kwenu. Mnizike mapema, karibu na baba yenu, bila maturubai ya kufunga njia ya watu. Ofisi isifungwe siku hiyo. Mabomba hayangoji msiba. Mmoja wa wafanyakazi abaki mezani, na ninyi wawili mwende pamoja kaburini, gari moja, kiti kimoja kama mnaweza.

Mkubwa wangu, lete mkono. Na wako, mama. Mkwe wangu, na wewe, usione haya. Nimewaridhia. Kila nililowahi kulisema kwa hasira nimeliondoa, na kila nililowaombea kwa siri nimeliacha kwenu. Mungu awape watu wa kuwajibu mnapoita. Awape nyumba yenye maji na milango inayofunguka. Mtoto yule akue, asome, awe msumbufu kiasi, asiwe mpole sana. Mwacheni aingie akiamka, asiogope kitanda hiki.

Pumzi inapungua, lakini haiumi. Sogezeni mto. Hapo.

Sasa nataka kufumba macho, na ninyi msiondoke, msinyamaze. Zungumzeni. Chochote tu, hata bei ya matangazo, hata kelele za Komeo. Wewe umwulize mdogo wako kitu, naye akujibu. Sitaki maneno ya maana. Nataka tu... sauti zenu mbili, pamoja, chumba kimoja. Endeleeni. Nawasikia. Endeleeni.